Upande wa Pili wa Santuri za Ukambani

Mjomba wangu kule Wote, Makueni, alikuwa akikaa karibu na kinanda cha santuri kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, na kulikuwa na sababu. Wimbo ulikuwa ukifika mahali patamu, magita yakianza kuchachamaa, sauti inafifia na sindano inaanza kukwaruza pale katikati penye karatasi ya lebo. Hapo aliinuka haraka, akageuza. Upande wa pili ndio uliokuwa na dansi yenyewe.

Nimeikumbuka desturi hiyo mwaka huu, hapa Uingereza, baada ya kununua mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Kikamba. Wimbo mmoja niliokua nao uliishia pale pale mjomba alipokuwa akiinuka. Waliouchapisha upya walichukua sehemu ya kwanza tu.

Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande, na bendi zetu hazikutunga nyimbo za dakika chache. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande wa kwanza kisa kinasimuliwa, upande wa pili waimbaji wanapunguza maneno na kuyaachia magita. Anayeujua upande wa kwanza pekee amesikia habari ya arusi bila kufika arusini.

Wageni wakisikia bendi za Afrika Mashariki zikiitwa Shirati Jazz au Morogoro Jazz, hutarajia jazi ya Marekani. Kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi, basi. Ukambani wengi hawakujali hata kulitumia. Walijiita kwa jina la mahali, wakaongeza Boys au Brothers. Lower Mbooni Boys wanabeba jina la Mbooni, milima ile ile ya Makueni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 walioshindana vikali zaidi walikuwa Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys wa Peter Mwambi, na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki. Kilimambogo wakajiongezea hata "Les" ya Kifaransa, kwa kuwa enzi hizo bendi za Wakongo ndizo zilizotamba Nairobi.

Muziki wenyewe ni benga, dansi ya magita ya Kenya, lakini sikiliza gita la pili. Wakati gita moja linashika chini, lile jingine linazunguka juu kwa noti nyepesi za haraka, mfululizo, kama mtu anayesuka kikapu cha kyondo bila kutazama mikono yake. Ukiondoa gita hilo, wimbo wa Kikamba unapoteza kabila lake.

Juu ya hapo kuna maneno. "Katelina" wa Kalambya Sisters, kina dada wenye sauti nyembamba walioimba wakisindikizwa na Kalambya Boys, unamhusu msichana anayependa uki, pombe yetu ya kienyeji, na ambaye kila mara anajikuta mjamzito. Kitui na Makueni watu walicheka kwa sababu walimjua Katelina wao. Kakai alichagua njia nyingine: aliimba pia kwa Kiswahili, na ndiyo maana "Mama Sofi" uliwafikia Wakenya wasiojua neno hata moja la Kikamba. Alifariki mwaka 1987, akiwa bado kijana.

Baadaye kaseti zikaziua santuri, na wizi wa kurudufu ukaziumiza kaseti. Nyimbo hizi zilianza kurudi kupitia watu wa nje: The Nairobi Beat ya Doug Paterson ilitoka Marekani mwaka 1989, na Kenya Special ya Soundway ya London mwaka 2013. Nairobi kwenyewe, Ketebul Music walitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, kitabu na muziki pamoja. Hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, kwa kuwa inawapa wanamuziki nafasi ya kusema.

Katika kuchapisha upya huku kuna jambo la sheria ambalo familia nyingi za wanamuziki hao hazijaambiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Santuri za mwanzo za enzi ile zimeshaanza kutoka katika ulinzi huo. Lakini utunzi ni kitu kingine: unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Alivyotunga Kakai vinalindwa hadi mwisho wa 2037. Anayekuja kwa mjane au watoto wa mtunzi akidai kwamba nyimbo za baba yao "zimezeeka" hasemi kweli yote, na ninawasihi mlio ughaibuni muwafafanulie jamaa zenu kabla hawajaweka sahihi.

Jumapili iliyopita nilimpigia mjomba simu, nikaweka spika karibu ili asikie ule wimbo. Alinyamaza tangu mwanzo. Magita yalipoanza kuchachamaa sauti ikafifia, kisha kimya.

"Haya mjomba," akaniambia, "geuza."