Rais wa Mwaka Mmoja, Mashine ya Miaka Kumi

Karibu kila wiki, kwenye hoteli za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, wanachama wa klabu za Rotary hukutana, hula pamoja, kisha humsikiliza mgeni aliyealikwa kuzungumza. Mganga mfawidhi wa hospitali ya jirani ni mgeni waliyemzoea. Husimama na dakika zake chache akaeleza kwamba wodi ya wazazi imefurika, mitungi ya oksijeni haitoshi na watoto njiti wanalazwa wawili kwenye nafasi ya mmoja. Wasikilizaji husikitika, mmoja wao huuliza bei, picha ya pamoja hupigwa. Miezi kadhaa baadaye klabu huenda hospitalini na mfano wa hundi unaobebwa na watu wawili, utepe hukatwa, risala husomwa. Sherehe hiyo ndiyo inayoingia magazetini. Lakini jambo la maana huwa limekwisha kuamuliwa siku ile ya chakula, na mara nyingi huamuliwa vibaya. Si kwa uchoyo wala kwa ujinga. Tatizo ni kalenda: klabu huhesabu mwaka, hospitali huhesabu miaka kumi.

Ili kulielewa hilo, inafaa kujua klabu hizi zilivyojengwa. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris, na klabu za Lions, za aina hiyohiyo, zikazaliwa mji huohuo mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima. Mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa haoni wala hasikii, aliwaomba wanachama wa Lions waifanye vita dhidi ya upofu kuwa yao, na ombi hilo linaonekana hadi leo Loresho, Nairobi, penye hospitali ya macho inayobeba jina la Lions. Rotary ya Nairobi ni ya tangu 1930. Ndani ya klabu hizi utawakuta wafanyabiashara, wahasibu, wahandisi, mawakili na madaktari, yaani watu wenye ujuzi ambao hospitali nyingi za wilaya hazina uwezo wa kuulipia. Uongozi wao, hata hivyo, ni wa kupokezana. Rais wa klabu ya Rotary hushika nafasi tarehe 1 Julai na kuiacha tarehe 30 Juni. Utaratibu huu unazuia watu kung'ang'ania vyeo (laiti vyama vyetu vya siasa vingeuiga), ila una gharama yake: kila rais hutaka kitu kinachoonekana kabla ya mwaka wake kwisha, na kitu kinachoonekana upesi kuliko vyote ni mashine.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Perry na Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uhaba wa rasilimali. Asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Walivihesabu vifaa vya hospitali kwa jumla, hawakuangalia vya msaada peke yake. Kwa hiyo takwimu hiyo haiwezi kutumiwa kuwashtaki wafadhili, bali inaeleza hali ambayo kila zawadi mpya inaikuta. Utafiti mwingine wa mwaka mmoja kabla, ambao Malkin alishiriki pia, ulichunguza maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60. Uligundua kwamba karibu theluthi mbili ya vifaa vilivyolala vingeweza kurudi kazini kwa stadi za msingi tu: umeme, mabomba, mota, ufungaji, na kumfundisha mtumiaji. Kwa maneno mengine, kinachokosekana mara nyingi ni fundi na muda wake. Vilevile kuna mambo madogo yanayochekesha hadi yanapomkuta mgonjwa. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani hutaka volti 120, ilhali soketi za Tanzania hutoa 230 na za Kenya 240. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani hutaka vichujio visafishwe kila mara, hasa kwenye vumbi. Mashine ya maabara inayokubali vitendanishi vya kampuni moja tu inaweza kuwa bure siku ya kukabidhiwa na ghali kila siku inayofuata.

Mganga mfawidhi anayajua yote haya, lakini haulizwi. Anaulizwa: mnahitaji nini? Swali hilo linamgeuza msimamizi wa taasisi kuwa mwombaji, naye mwombaji hachagui. Akitajiwa mashine ambayo hana fundi wake, atasema asante, kwa kuwa kukataa mbele ya watu wema ni aibu na huenda wasirudi. Maswali yenye faida ni mengine. Ni vifaa gani vimelala stoo, na kwa sababu gani? Nani anavitengeneza, na analipwa na fungu lipi? Mwaka ujao mmepanga kununua nini, na pengo liko wapi? Hapa kalenda ingeweza hata kusaidia. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, siku ileile rais mpya wa klabu anapovishwa mkufu wake. Lakini mipango na bajeti za hospitali huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Klabu inayomwalika mganga mfawidhi mwezi Agosti inamkuta bajeti imeshafungwa. Zawadi yake itafika bila fungu la vipuri, na itaishi mwaka mzima kama mgeni asiyehesabiwa kwenye sufuria.

Kuna atakayesema basi klabu hizi kwa maumbile yake haziwezi kazi ndefu. Historia inakataa. Mwaka 1985 Rotary iliahidi kukusanya dola milioni 120 kwa ajili ya chanjo ya polio. Kufikia 1988 ilikuwa imepata milioni 247, na mwaka huo ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa katika kampeni ya dunia nzima. Marais wa klabu wamepokezana kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Uganda nako, tangu 2012, Warotari huandaa mbio za kila mwaka kukusanya fedha za kituo cha saratani katika Hospitali ya Nsambya, Kampala. Mbio hizo zinaendelea mwaka hadi mwaka kwa sababu lengo liliwekwa juu ya muhula wa mtu mmoja. Umuhimu wa lengo hilo ulionekana mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya kutibu saratani nchini humo, iliyokuwa Hospitali ya Mulago tangu 1995, ilipoharibika moja kwa moja. Mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema afya ni wajibu wa serikali, na kwamba kila kitanda cha msaada kinaipa serikali kisingizio. Kuna ukweli ndani yake. Ila klabu inayouliza bajeti iko wapi haitoi kisingizio. Inafanya kazi ya mwananchi, tena ikiwa na wahasibu wa kusoma hesabu hizo. Wengine watasema mashine ya miaka miwili ni bora kuliko kukosa kabisa. Hapo inategemea. Kitanda cha kujifungulia, ndiyo. Lakini mashine inayoharibika huchukua chumba na kuwaondoa wafanyakazi kwenye njia ya zamani waliyoizoea, kisha huwaacha bila njia yoyote. Na kuhusu mganga mfawidhi kuhamishwa wakati wowote, jambo linalotokea sana, ndiyo sababu makubaliano yafanywe na bodi ya hospitali na yaandikwe, yaeleze nani atanunua vipuri na nani atafundisha. Taasisi ya Rotary yenyewe hudai tathmini ya mahitaji ya jamii kabla ya kutoa ruzuku zake kubwa za kimataifa; hakuna kinachoizuia klabu kujiwekea sharti hilo hata kwa zawadi ndogo.

Kwa hiyo, rais mteule wa klabu yoyote unayesoma haya na utakayeshika nafasi Julai ijayo: mwalike mganga mfawidhi sasa, kabla bajeti yake haijafungwa, na umwombe aje na fundi wa vifaa tiba pamoja na orodha ya vilivyoharibika. Mketi naye pamoja na atakayekurithi, na fedha za kwanza mtakazochanga zitengeneze kilichopo.