Gari Dogo na Bili ya Wakala

Gari dogo hununuliwa kwa sababu bei yake ni nafuu, lakini halitengenezwi kwa bei nafuu. Demio, Vitz, Passo, Note au Fit iliyotumika Japani ina giaboksi ya otomatiki, kompyuta kadhaa, pampu ya mafuta ndani ya tangi, sensa za breki na mifuko ya hewa, vitu vilevile vilivyomo katika gari la bei mara nne yake. Miaka inavyokwenda, bei ya gari lenyewe hushuka. Bei ya spea mpya na ya saa moja ya kazi ya fundi haishuki nayo. Ndiyo maana mwenye gari la miaka kumi na miwili anaweza kupewa makadirio ya giaboksi yanayokaribia thamani ya gari zima, na asiwe ametapeliwa.

Magari haya hufika Afrika Mashariki yakiwa katika umri mbaya. Huko Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na wengi huona heri kuuza gari kuliko kulipia ukaguzi mwingine na matengenezo yanayoambatana nao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi hushushwa Mombasa yakiwa na miaka saba hivi: waranti imekwisha, bushi na shokapu zinakaribia kuchoka, na oili ya giaboksi pengine haijabadilishwa hata mara moja. Wakala wa mtengenezaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hakuuza gari hilo, hivyo hana deni nalo. Zaidi ya hapo, baadhi ya modeli, hasa za haibridi, zilikusudiwa soko la Japani. Wakala hana spea za modeli hizo stoo, na akikubali kazi, huagiza kila kitu kutoka nje.

Giaboksi ndiyo inayoleta bili kubwa kuliko zote. Magari madogo mengi ya Japani yana CVT, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia. Ndani yake mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazobadilika upana: moja ikifunguka, nyingine hubana, na mwendo huongezeka bila gari kuruka kutoka gia hii hadi ile. Wazo hilo liliingia sokoni na DAF 600 ya Uholanzi mwaka 1958, wakati huo likitumia mikanda ya mpira. Faida yake ni kubana matumizi ya mafuta. Udhaifu wake uko kwenye oili, ambayo hupoza, husukuma puli kwa shinikizo, na papo hapo lazima iruhusu chuma kishike chuma bila kuteleza. Oili ya kawaida ya otomatiki haiwezi kazi hiyo ya mwisho. Nissan huandika NS-2 au NS-3, Toyota huandika TC au FE, Honda huandika HMMF kwa magari ya zamani na HCF-2 kwa mapya. Fundi anayemimina oili yoyote ya otomatiki aliyo nayo gereji huanza kuiua giaboksi siku hiyohiyo, ingawa itakufa miezi kadhaa baadaye, na lawama zitamwangukia fundi mwingine.

Dalili zake hujulikana mapema: gari hutetemeka linapoondoka, injini hunguruma bila mwendo kuongezeka, na nguvu hupotea mlimani baada ya foleni ndefu ya joto. Si kila mara kosa huwa la mwenye gari. Mwaka 2009 Nissan ilirefusha waranti ya CVT nchini Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000, karibu kilomita 193,000, kwa modeli za mwaka 2003 hadi 2010. Faida hiyo ilibaki Marekani. Note iliyonunuliwa yadi ya Mombasa haimo.

Fit haibridi iliyotoka Septemba 2013 ina giaboksi ya aina nyingine, yenye klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta. Hadi Oktoba 2014 Honda ilikuwa imeirudisha kwa marekebisho mara tano, kadhaa kati ya hizo kwa sababu ya programu ya giaboksi hiyo, hadi viongozi wa kampuni wakakatwa mshahara. Marekebisho ya namna hii hufanywa bure Japani, na watengenezaji wa huko huweka kwenye tovuti zao mahali pa kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari fulani lilirekebishwa. Anayenunua Fit ya miaka ile bila kuangalia hapo anaacha taarifa isiyogharimu hata senti moja.

Maradhi mengine ya magari madogo hutengenezwa hapahapa. Injini ikichemka mara moja, baadhi ya mafundi hung'oa themostati na kuitupa, kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, kompyuta huendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba ni asubuhi ya baridi, na gari lililosifiwa kwa kunusa mafuta huanza kuyanywa. Maji ya bomba yakimiminwa mahali pa kulanti hula aluminiamu ya silinda hedi taratibu. Baada ya hapo gari huitwa bovu, na jina hilo halitoki.

Bili ya wakala ina sehemu nne: upimaji, saa za kazi, spea, na vitu vidogo kama gasketi na oili. Saa za kazi hazipimwi kwa saa ya ukutani. Mtengenezaji hutoa kitabu kinachosema kazi fulani ni ya saa 3, na mteja hulipa 3 hata fundi akimaliza kwa 2. Kwa upande wa pili, bolti iliyoshika kutu ikimchelewesha hadi saa 5, hesabu ya kitabu haibadiliki. Utaratibu huu si mbaya kama unavyosemwa. Pa kuangalia ni kazi zinazopandiana. Katika injini ambazo pampu ya maji huzungushwa na taimingi belti, kubadilisha vyote viwili ni kazi karibu moja, na bili inayohesabu saa zote za belti kisha saa zote za pampu imetoza ufunguaji uleule mara mbili. Hili hutokea kwa uzembe kuliko kwa hila, na huondolewa kwa swali moja mezani.

Sehemu inayouma zaidi ni desturi ya kubadilisha kifaa kizima. Valvu za umeme ndani ya CVT zikikwama, wakala mara nyingi huandika giaboksi mpya. Betri ya haibridi ikiwa na seli mbili zilizochoka, huandika betri nzima. Sababu zipo: mtengenezaji haziuzi sehemu nyingi za ndani, fundi wa wakala hakufunzwa kuzifungua, na wakala anapaswa kuidhamini kazi yake. Mafundi wa kujitegemea waliobobea katika giaboksi au betri za haibridi hufanya kinyume, hubadilisha bodi ya valvu au seli zilizokufa tu, kwa sehemu ndogo ya bei ile. Kazi yao hutegemea sana mkono wa mtu mmoja, na dhamana yake huwa fupi.

Kabla ya spea huja upimaji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona. Taa ya injini ikiwaka, mashine husoma namba ya hitilafu, lakini namba hiyo haitaji spea iliyoharibika. Hutaja kilichohisiwa na kompyuta. P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Chanzo chaweza kuwa sensa ya hewa, pampu iliyochoka, au mpira uliopasuka wa bei ya chakula cha mchana. P0302 husema silinda ya pili inakosa moto. Kwa injini yenye koili moja kwa kila silinda, fundi makini huhamisha koili ya pili hadi silinda ya kwanza, hufuta namba, kisha huliendesha gari. Ikirudi P0301, koili imejitaja. Ikirudi P0302, koili ni nzima na uchunguzi unahamia kwenye plagi na injekta. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na humwepusha mwenye gari kununua koili nne. Ada ya upimaji kwa wakala huonekana ghali, lakini kuilipa na kuondoka na majibu yaliyoandikwa, bila kukubali matengenezo, mara nyingi ndiyo matumizi bora ya wakala kwa gari la zamani.

Kuhusu spea, boksi lenye nembo ya gari si asili pekee. Denso, Aisin, NTN na KYB huwatengenezea viwanda vya Japani vifaa, na huviuza pia kwa majina yao wenyewe, kwa bei ya chini. Tatizo la Gerezani mjini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi ni boksi bandia lenye majina hayohayo. Namba ya spea inayotokana na namba ya chesisi huzuia makosa ya kufaa na kutofaa. Haizuii bandia, na kwa hilo hakuna mbadala wa muuzaji anayekubali kurudishiwa mzigo. Giaboksi iliyotumika kutoka Japani yaweza kuwa chaguo la busara, mradi ifungwe na oili mpya iliyo sahihi, na kompyuta isawazishwe baadaye pale modeli inapotaka hivyo. Hatua hiyo ya mwisho hurukwa mara nyingi, kisha giaboksi husingiziwa ubovu.

Karatasi nayo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Anayelitengeneza gari la mteja anatakiwa kutoa makadirio kabla ya kazi, haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, na mteja ana haki ya kuomba arudishiwe spea zilizotolewa. Spea mpya na kazi ya kuzifunga huhesabiwa kuwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kimojawapo kikitangulia. Haki hizi huwahusu wakala na gereji ya mtaani sawasawa, lakini asiye na makadirio ya maandishi hana cha kuonyesha anapolalamika. Tanzania Bara, malalamiko ya mlaji huweza kupelekwa Tume ya Ushindani, na huko pia stakabadhi ndiyo mwanzo wa maneno.

Mwishowe huja swali la kutengeneza au kuachana na gari. Kulinganisha bili na bei ya gari zima hupotosha, kwa kuwa gari bovu halina bei hiyo. Hesabu sahihi huanza na bei mbili: ile ambayo gari lingeuzwa likiwa zima, na ile ambayo wauza spea wangelichukua lilivyo, kwa ajili ya injini, milango, taa na viti. Bili ikizidi tofauti ya bei hizo mbili, matengenezo ni hasara kwa anayekusudia kuuza. Anayekusudia kubaki na gari huongeza kwenye tofauti hiyo gharama za kununua jingine la umri uleule, pamoja na matairi, bushi na oili ambazo gari geni nalo litadai katika miezi ya kwanza.