Jua la Saa Moja na Matege ya Mtoto

Miongoni mwa maswali yanayonifikia kutoka Fort Ternan na vilima vya majani chai vya Kericho na Bomet, hakuna linalorejea kama hili la akina mama: mtoto aliyeoteshwa jua kila asubuhi saa moja, tena hapa karibu na Ikweta, yawaje tabibu aseme ana matege kwa upungufu wa vitamini D?

Jawabu ni kwamba jua la saa hiyo lina nuru na uvuguvugu, bali halina mwale unaohitajika. Mwale huo, urujuanimno aina ya B, hulazimika kupita mshazari katika tabaka la ozoni wakati jua lingali chini, na safari hiyo ndefu huumeza karibu wote kabla haujagusa ngozi. Asemaye kuwa jua la asubuhi ndilo lenye vitamini, na dhana hiyo nimeisikia hata kwa watu wa elimu, anaisifu taa kwa kazi ya jiko.

Mwale ukifika, ndipo ajabu inapoanza. Ngozini mna kitu cha jamii ya kolesteroli ambacho mwale hukifungua pete moja ya molekuli yake, na kilichofunguka, kwa joto la mwili tu, hujigeuza taratibu kwa muda wa saa nyingi kikawa vitamini D, ambayo ini na figo huikamilisha. Jua likizidi, mwale ule ule huigeuza ziada kuwa vitu visivyo na kazi hiyo; kwa hiyo vitamini D ya jua haimsumishi mtu, ilhali ya vidonge ikipita kiasi huijaza damu kalsiamu hata figo zikaharibika. Basi nawastahije wachuuzi wa siku ya soko, wauzao chupa za “nguvu za mifupa” kwa watu wasiopimwa damu?

Wapo pia wadaio kuwa ngozi nyeusi haiwezi kazi hii. Melanini huichelewesha, haiizuii: Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, zaidi ya maradufu ya 50 wanayoridhika nayo matabibu wengi. Mchuma chai ashindaye juani hana haja ya chupa. Wa kuangaliwa ni mwanawe aliyeachwa nyumbani, amezongwa blanketi kwa baridi, nyuma ya kioo kisichopitisha mwale huo.

Nasaha ni fupi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, aghalabu kuanzia saa nne, mtoe mtoto dakika chache, mikono na miguu wazi, kichwa kimefunikwa, kisha mrudishe kivulini. Mwenye matege apelekwe hospitali.

Mwenye ualbino hayumo katika agizo hili. Jua hilo kwake ni njia ya saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huyagawa, ni faradhi. Asitokee mtu akamwanika mtoto huyo kwa kisingizio cha makala hii.