Kanzu kwenye Meza ya Gala

Mzee mmoja kutoka Mumias alikuja chuoni kwetu hapa Kakamega alasiri moja, koti jeusi mkononi, karatasi mbili zilizokunjwa mfukoni. Ni mwalimu mstaafu. Binti yake, muuguzi huko Marekani, amewalipia yeye na mkewe safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii ili kuadhimisha miaka arobaini ya ndoa yao. Karatasi zile zilikuwa maelezo ya kampuni ya meli, na binti alikuwa amepigia mstari maneno mawili: jioni ya gala.

"Mwanangu," akaniambia baada ya salamu, "nasikia uliwahi kuhudumu kwenye hizo meli. Niambie bila kunificha. Nisipokuwa na hiyo wanayoiita tuksedo, watanitoa mezani mbele ya mama?"

Nilimvutia kiti. Nilifanya kazi ya uhudumu wa meza baharini kabla ya kurudi nyumbani kufundisha, na swali hilo nimelisikia mara nyingi kwa wageni wa kila rangi. Wazee wetu wanaopelekwa matembezini na watoto walio ng'ambo wanaliuliza, na vijana wetu wanaokwenda kutumika kwenye meli hizo wanapaswa kulijua jibu lake kabla hawajashika sinia.

Nilianza na saa. Mavazi kwenye meli hufuata saa. Mchana mgeni huvaa apendavyo: kaptula, fulana, kandambili kando ya bwawa. Kuanzia jioni, na kwa kampuni nyingine wanataja kabisa saa kumi na mbili, ukumbi mkuu wa chakula hubadilika. Usiku wa kawaida hutosha suruali ndefu, shati la kola na viatu vya kufunika. Usiku wa gala ndio wenye suti nyeusi, tai ya kipepeo na magauni marefu. Safari ya siku saba kwa kawaida huwa na usiku mmoja au mbili wa namna hiyo.

Usiku huo haupangwi ovyo. Mara nyingi huwekwa siku ambayo meli iko katikati ya bahari, haitii nanga popote, ili wageni wapate muda wa kuoga na kupiga pasi bila kutoka mbio kwenye matembezi ya mjini. Haupangwi usiku wa kwanza, kwa kuwa mabegi huenda bado hayajafikishwa vyumbani, wala usiku wa mwisho, kwa kuwa mabegi yamekwisha kufungwa. Desturi hiyo ni ya tangu enzi za meli za mvuke, wakati masanduku ya abiria yalichukuliwa na wapagazi na hakuna aliyetarajiwa kuvaa rasmi kabla ya kuyafungua.

Vazi lenyewe la tuksedo lina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Nyumba ya mafundi ya Henry Poole, katika mtaa wa Savile Row jijini London, ina kumbukumbu kwamba mwaka 1865 ilimshonea mwanamfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, koti fupi la kulia chakula nyumbani kwake bila ule mkia mrefu wa makoti ya wakati huo. Koti hilo likavuka bahari, na mwaka 1886 likaanza kuonekana Tuxedo Park, kijiji cha matajiri karibu na New York. Hapo ndipo lilipopata jina. Kwa hiyo tuksedo ilianza kama vazi la kupunguza urasmi, na leo ndilo tunalolihesabu kuwa kilele cha urasmi. Nilimwambia mzee jambo hilo kwa makusudi: kanuni ya mavazi imekuwa ikisogea tangu mwanzo, na yeyote anayesema haiwezi kusogea hajui historia yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa kwenye njia ya desturi hiyo. Kampuni ya British India ilijenga Glasgow meli mbili pacha, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, zikawa zinasafiri kati ya London na Mombasa hadi miaka ya sitini. Abiria wa daraja la kwanza walibadilisha nguo kwa ajili ya chakula cha jioni, na kwenye meli za kampuni hiyo wahudumu wengi wa meza walikuwa Wagoa. Njia ilipita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, mahali ambapo joto humfanya mtu atokwe na jasho akiwa amekaa tu. Mabaharia na wasafiri wa Kiingereza walikuwa na dawa yao kwa joto hilo: kuvua koti na kubaki na shati jeupe, tai ya kipepeo na mshipi wa hariri kiunoni. Vazi hilo la nusu likapewa jina la bahari yenyewe. Joto likishinda kanuni, kanuni ilikunjwa, lakini haikutupwa.

Siku hizi kampuni hazifanani, na hapa ndipo msafiri wetu anapokosea kwa kusikiliza hadithi za jirani. Kampuni ya Norwegian iliacha kulazimisha mavazi rasmi mwaka 2000, na meli yake Norwegian Dawn, ambayo imewahi kutia nanga Mombasa, haikudai tai kwa mtu yeyote. Celebrity ilibadilisha usiku wake rasmi mwaka 2015 ukawa usiku wa kupendeza tu, bila kumbana mtu kwa tuksedo. Viking haina usiku wa gala kabisa. Cunard, wenye Queen Mary 2 iliyoanza kazi mwaka 2004, bado wanashikilia, na P&O ya Uingereza nayo ina usiku wake wa tai nyeusi. Sababu za kulegeza zinaeleweka. Watu wengi sasa hufika bandarini kwa ndege, na ndege hupima begi kwa kilo. Familia huja na watoto wadogo. Wengi wanaokwenda mapumzikoni wamechoka na suti za ofisini.

"Na hawa wa binti yangu?" mzee akauliza. Nilisoma karatasi yake mstari kwa mstari. Kampuni yake ni ya wale wanaoshikilia. Nikamjibu lile swali lake la kwanza. Hakuna mgeni anayefukuzwa kwenye meli kwa sababu ya nguo. Asiyevaa rasmi usiku wa gala huelekezwa kwenye ukumbi wa bufe au mkahawa mwingine ulio wazi kwa nguo za kawaida, na chakula ni kizuri huko pia. Anayekuja mlangoni bila koti huongea na msimamizi wa ukumbi, kwa sauti ya chini, kando. Kwenye meli niliyotumikia tulikuwa na makoti machache ya kuazima nyuma ya mlango. Weita hana ruhusa ya kumtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwani. Hilo nalisisitiza darasani kuliko hata namna ya kubeba sahani tatu.

Kisha nikamwomba lile koti. Alilinunua kwenye mitumba hapa mjini miaka mingi iliyopita, kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, akalipenda kwa kuwa lilikuwa jeusi na lilimkaa mabegani. Nilililaza mezani na kupitisha kidole kwenye kola. Koti la suti ya kawaida huwa na kola ya kitambaa kilekile cha mwili. Hii ilikuwa laini na yenye kung'aa, kidole kikateleza kama kwenye utepe. Hariri. Nikageuza kifungo: kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa, hakikuwa plastiki. Mfuko wa kando haukuwa na kifuniko.

"Mzee," nikamwambia, "hii unayoitafuta umekuwa nayo miaka yote. Hili ni koti la tuksedo."

Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka hadi akapangusa macho.

Wanaotaka kujipanga na wasio na bahati ya mitumba wajue kwamba suti nyeusi au ya buluu iliyokolea, shati jeupe, tai na viatu vyeusi vilivyong'arishwa vinakubaliwa na karibu kila kampuni inayodai urasmi. Suruali ya tuksedo kamili ina utepe mmoja wa hariri ubavuni. Mfikishie fundi suruali mapema akupunguzie urefu ili iguse kiatu bila kujikunja mara mbili. Mafundi wetu wa barazani wanaijua kazi hiyo, na ni bora kuwalipa hapa kuliko kuhangaika baharini. Kwa akina mama, gauni linalofika chini ya magoti au kwenye vifundo, la kitambaa kinachoanguka vizuri, linatosha, na mtandio husaidia, maana vyumba vya kulia vina baridi ya mashine. Pasi za umeme mara nyingi hukatazwa vyumbani kwa hofu ya moto, hivyo chagua kitambaa kisichokunjamana, au tumia chumba cha kufulia kama meli inacho.

Nikarudi kwenye karatasi ya mzee. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kampuni ilikuwa imeandika kwamba vazi rasmi la taifa la mgeni linakubaliwa usiku wa gala. Mskoti huingia na sketi yake ya mirabaraba, na hakuna anayemwambia avae suruali. Mzee aliirudia sentensi hiyo mara mbili, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu jepesi kwalo: "Letu ni lipi?"

Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa lililotokana na shindano la wabunifu. Halikushika, huwezi kulikuta kwenye kabati la jirani. Tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alikataza suti za Kaunda bungeni, akasema mbunge mwanamume avae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kikosi. Kila bunge lina haki ya kujiwekea heshima yake, nami siligombi. Ila inaniuma kwamba meli ya Kiingereza inaweza kumfungulia mlango mgeni aliyevaa vazi la kwao, na sisi nyumbani bado hatujaafikiana vazi hilo ni lipi.

Na bado tunalo, tena si moja. Jirani zetu Waganda wana gomesi, iliyoshonwa na Caetano Gomes, fundi Mgoa, mwaka 1905 kwa ajili ya shule ya Gayaza, na leo hakuna harusi ya Buganda isiyo nayo. Wanaume wao huvaa kanzu na koti juu yake. Hapa Kakamega, wazee wa Isukha na Idakho wametawazwa kwa mavazi ya mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe ya mabegani anayeruka matawini msituni kwetu. Leo sheria inamlinda mbega, na ni vizuri. Lakini rangi zake, nyeusi na nyeupe, zilikuwa rangi za heshima katika nchi hii kabla ya mtu yeyote kutaja tai nyeusi. Na Mumias kwenyewe, kwa mzee wangu, misafara ya Waswahili ilipofika katika karne ya 19 na kufanya makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kituo chao, kanzu ilikuja nayo. Imevaliwa pale kwa vizazi, misikitini, kwenye ndoa, kwenye baraza. Vazi lililovaliwa na babu, baba na mtoto katika siku zao za heshima limekwisha kuwa letu, hata kama hakuna waraka wa serikali unaolitaja.

Ninachowaambia wanafunzi wangu ni hiki. Kanuni ya mavazi kwenye meza ya usiku ni namna ya kuwaambia wenzako wa meza: mnastahili nijitayarishe. Tai ni neno moja tu katika lugha hiyo. Anayekuja na kanzu iliyofuliwa, kunyooshwa na kuvaliwa kikamilifu, na kofia yake, na viatu vyake, amesema jambo lilelile, tena kwa lafudhi ya kwao. Anayevaa kanzu juu ya suruali ya jinzi akitumaini ataonewa huruma kwa kuwa ni Mwafrika amelivunjia heshima vazi lenyewe. Urasmi ni ukamilifu. Nami nawasihi wasafiri wetu waiandikie kampuni mapema, waeleze vazi, watume picha. Nilipokuwa kazini, maswali ya namna hiyo yalipokelewa kwa furaha, kwa sababu yalimpunguzia msimamizi mashaka mlangoni.

Wanafunzi wangu wenyewe wana njia ndefu kabla ya kufika kwenye ukumbi huo. Hakuna mhudumu anayepanda meli bila cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama baharini chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Wengi wanashangaa kwamba kujifunza kuogelea na kutumia mashua ya uokoaji hutangulia kujifunza mvinyo. Kisha huja sare: koti lisilo na doa, kucha fupi, hakuna manukato makali karibu na chakula. Mhudumu anayejiheshimu kwa mavazi yake humwona mgeni aliyejitayarisha, na humheshimu, awe amevaa hariri ya Savile Row au kanzu ya Mumias.

Mzee alirudi wiki iliyofuata na mkewe. Fundi alikuwa amekaza vifungo vya koti na kulipiga pasi ya makaa kupitia kitambaa kilicholowa, ili hariri isiungue. Mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na juu yake lile koti jeusi la kola ya hariri. Mama alisimama kando yake akiwa na gauni la zambarau na mtandio. Kampuni ilikuwa imejibu barua ya binti: mavazi hayo yanakaribishwa.

Niliwapangia meza darasani, vitambaa, visu na uma vya mapochopocho matano, nikamvutia mama kiti kwanza. Wanafunzi walisimama wima ukutani, mikono nyuma. Mzee alikaa, akavuta pindo la kanzu lisikanyagwe na mguu wa kiti, akaniangalia.

"Sasa," akasema, "nifundishe uma wa samaki ni upi."