Kompyuta haiwaki? Anza na waya kabla hujamlipa fundi

Wiki hii nimeitwa mara mbili kwa tatizo lile lile: "njoo uangalie, mashine imekufa". Zote mbili zilikuwa hai. Mmoja wao alikuwa keshaambiwa na fundi kwamba madabodi imeungua, atoe hela inunuliwe nyingine. Nikaona niandike kidogo, maana hela tunajua zinavyopatikana.

Kwanza tuelewane. Lile kasha zima ambalo wengi tunaliita sipiyu siyo sipiyu. Ndani yake, sehemu ya nyuma, kuna kiboksi cha chuma chenye feni, hapo unapochomeka waya wa umeme. Hiyo ndiyo pawa saplai. Inachukua umeme wa ukutani, volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Ikiupata vibaya au ikiutoa vibaya, mashine inakaa kimya, au inawaka na kuzima hapo hapo.

Anza nje. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi uone kama umeme upo. Kama unatumia ekstensheni, iruke, chomeka moja kwa moja ukutani. Zile za bei rahisi vyuma vyake vya ndani hulegea mapema sana, plagi inacheza kama jino bovu. Angalia fyuzi kwenye plagi ya pini tatu. Halafu chukua waya wa monita, mara nyingi unafanana, ujaribu nao. Ile mashine ya kwanza, pale mjini Moshi, ugonjwa ulikuwa huo tu. Mtu akigusa meza inazima. Tundu moja la waya lilikuwa limeshakuwa jeusi kwa cheche. Dada wa watu alikuwa anajaza maombi ya chuo, kaanza upya mara tatu, na siku ya mwisho ni kesho yake! Waya mwingine, akamaliza jioni ile ile.

Pia nyuma kuna swichi yenye alama ya O na I. Ikiwa kwenye O hakuna kinachoingia. Mfagiaji akiipiga na ufagio, basi mnaita fundi.

Ila kuna kile kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Hiki tuheshimiane nacho. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani mara nyingi kimewekwa 115. Ukichomeka huku kwetu utasikia mlio mmoja na harufu, ndiyo kwaheri. Kiangalie kabla ya kuchomeka, siyo baada.

Mashine ya pili ilipandishwa Marangu kwa gari, ikafika inazungusha feni lakini kioo cheusi. Hapo fungua kasha, umeme ukiwa umechomolewa kabisa. Kuna plagi kubwa ya pini 20 au 24 inayoingia madabodi, na nyingine ndogo ya pini 4, nyaya za njano na nyeusi, karibu na prosesa. Watu wanaisahau hii ndogo. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeilegeza. Nikaisukuma mpaka kile kidoleo chake kikabana, ikawaka.

Bado? Chomoa plagi kubwa kutoka madabodi. Kwa kipande cha waya, unganisha tundu la waya wa kijani (upo mmoja tu) na jirani yake mweusi, ndipo uchomeke umeme. Feni ikizunguka, pawa saplai angalau ina uhai. Ukiwa na mita, waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kama nyaya zote ni rangi moja, usibahatishe. Na Dell nyingi za kuanzia 1998 hivi hadi miaka ya mwanzo ya 2000 zina plagi inayofanana lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukiweka pawa saplai ya kawaida, unaunguza madabodi kweli sasa.

Kwa walio juu mlimani, mwisho wa laini ndefu: kama inagoma saa moja jioni watu wanapika na kupiga pasi, halafu usiku wa manane inawaka vizuri, pima volti za soketi kwanza. Dawa hapo ni stebilaiza. Na umeme ukikatika chomoa plagi, ukirudi subiri utulie. Waliofanya kazi kwenye kafe wakati wa mgao wa 2006 wanaijua hiyo.

Kiboksi chenyewe cha pawa saplai usikifungue hata kama umekichomoa. Kapasita za ndani zinaweza kushika volti zaidi ya 300 kwa muda, na hizo zinaua mtu. Kikifa, nunua kingine chenye wati zile zile au zaidi, na nenda nacho cha zamani mkononi mlinganishe plagi hapo hapo dukani.