Panya apata nafuu, mtoto bado: Ujue utafiti wa usonji

Kariakoo ukiitisha dawa ya panya, muuzaji anajua unataka ya kumuua. Maabara ni kinyume. Huko panya ndiye anayeanza kujaribiwa dawa kabla ya binadamu, na utafiti wa usonji unamtegemea sana.

Kazi inaanzia kwenye vinasaba. Karibu mtu 1 kati ya 100 wenye usonji ana hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho SHANK3, ambacho husaidia seli za ubongo kupokeana taarifa. Watafiti wanakiharibu kinasaba hichohicho kwa panya, kisha wanamchunguza.

Mwaka 2011 timu ya Guoping Feng nchini Marekani ilieleza ilichokiona. Panya hao walijisafisha manyoya bila kuacha, hadi ngozi ikachubuka. Walipowekwa kwenye boksi la vyumba vitatu, upande huu panya mgeni na upande ule hakuna mtu wa kumsalimia, hawakumjali sana mgeni kama wenzao wanavyofanya.

Mwaka 2016 timu hiyo ikakiwasha tena kinasaba hicho kwa panya waliokwisha kukua. Kujichubua kukapungua, wakaanza kuchangamana. Lakini woga na shida ya mwendo vilibaki. Hivyo viliboreka pale tu marekebisho yalipofanyika mapema, panya wakiwa bado wadogo.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Panya hana usonji, ana hitilafu moja na tabia zinazofanana kidogo tu. Haongei, sasa atamwelezaje mtoto aliyechelewa kuongea?

Mfano ni mavoglurant. Panya wenye hitilafu ya kinasaba FMR1, ambacho nacho kinahusishwa na usonji, waliitikia vizuri dawa za kundi hilo. Kwa watu wenye hitilafu hiyo haikuonyesha nafuu iliyotarajiwa, na mwaka 2014 kampuni ya Novartis ikaachana na mpango huo.

Na Tanzania ina maswali yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia watoto 20 nchini, na kwa watatu dalili za usonji zilianza baada ya malaria kali. Panya wa SHANK3 hana jibu la hilo.

Mpaka sasa hakuna dawa ya kuponya usonji. Kinachosaidia ni mafunzo, kama yale ya kitengo cha usonji cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, si mbali na Kariakoo. Mtu akikuletea "tiba" kwa maelezo kwamba panya walipona, muulize imejaribiwa kwa watoto wangapi.