Mama, Unajua Oili ya Gia Boksi ya Gari Lenu?

Jioni moja mwaka 2021 tulikuwa tunarudi Tunduma kutoka Mbeya. Kiti cha nyuma alilala mtoto wetu wa tatu, aliyekuwa ametoka kulazwa hospitali kwa siku sita. Tulipokuwa tunapanda Mlima Senjele, injini ilinguruma kwa nguvu lakini gari halikwenda. Baba watoto alikanyaga mafuta zaidi. Gari likasimama kabisa, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Nyuma yetu malori ya kwenda mpakani yalikuwa yamejipanga, yakipiga honi. Nilishuka mbio kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu, huku moyo ukinidunda.

Gia boksi ilikuwa imekufa. Wiki tatu kabla ya safari hiyo, kijana wa gereji moja alikuwa ametubadilishia oili. Baba watoto alipomwuliza ni oili ya aina gani, alijibu, "Ya gia ni ya gia tu, mzee." Ilikuwa oili nzito, yenye rangi ya asali, inayofaa magari ya kukanyaga klachi. Gari letu, Toyota Spacio, ni la otomatiki. Ili kununua gia boksi nyingine ya mtumba tuliuza magunia ya mahindi tuliyokuwa tumeyaweka, pamoja na cherehani yangu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za shule.

Lakini lililoniuma zaidi nililigundua baadaye. Siku moja nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, nikakifuta kwa kitambaa, nikaona maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe: T-IV. Hiyo ndiyo aina ya oili inayotakiwa. Kitabu cha gari kiliandikwa Kijapani, na kwa sababu hiyo tulijiona kama vipofu. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya boneti miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisoma. Tangu siku hiyo kazi ya kubadilisha oili hii tunaifanya wenyewe nyumbani, mimi na baba watoto.

OILI YENYE KAZI TATU

Katika gari la klachi, oili ya gia boksi hulainisha vyuma tu. Katika gari la otomatiki oili ina kazi tatu. Kwanza, ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya chombo kilichojaa oili. Injini inazungusha feni ya kwanza, oili inasukumwa, na msukumo huo unaizungusha feni ya pili. Pili, oili hiyo hiyo husukumwa kwenye vijia vyembamba ili kubadilisha gia. Tatu, hulainisha vyuma na kuvipooza.

Kwa hiyo ukiweka oili isiyofaa, nguvu haifiki vizuri, gia zinateleza na sahani za ndani zinaungua. Nasi yalitupata hayo hayo mlimani.

Akina mama tunaelewa jambo hili kutokana na jiko. Mafuta ya kukaangia maandazi yakitumika mara nyingi huwa meusi, huwa mazito na hutoa harufu ya kuungua. Oili ya gia boksi nayo huzeeka kwa joto. Hapa kwetu joto hilo ni jingi: milima ni mingi, mizigo ni mizito, na foleni za mpakani hulifanya gari liende hatua mbili na kusimama. Tena, magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na mara nyingi hatujui kama huko oili iliwahi kubadilishwa. Mafundi wengi hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 60,000 kwa gari linalofanya kazi ngumu.

PIMA KABLA YA KUBADILISHA

Njia hii inafaa magari mengi ya Toyota yenye kijiti cha kupimia gia boksi. Usikichanganye na kijiti cha oili ya injini. Ni viwili tofauti.

Endesha gari mpaka lipate moto vizuri, kisha liegeshe mahali tambarare na uvute breki ya mkono. Injini ikiwa inawaka na mguu ukiwa kwenye breki, peleka mkono wa gia taratibu kwenye kila alama, kisha urudishe kwenye P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena na usome. Oili inapaswa kufika kati ya alama mbili za moto.

Tazama pia rangi. Oili mpya ni nyekundu na safi. Ikiwa ya kahawia, imeanza kuchoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hatari ipo. Ikiwa kama maji ya maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia ndani. Zima gari na umwite fundi.

NAMNA TUNAVYOFANYA NYUMBANI

Mahitaji ni haya: oili ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti, beseni kuukuu, chupa tupu za lita moja, faneli yenye shingo ndefu na nyembamba, spana, jeki, stendi mbili za chuma na pete mpya ya nati ya chini.

1. Endesha gari kidogo oili ipate uvuguvugu, kisha uzime injini. Usimwage oili ikiwa ya moto sana, maana inaunguza kama mafuta ya kukaangia.

2. Weka P, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nyanyua gari kwa jeki, kisha uliketishe juu ya stendi. Usiruhusu mtu yeyote kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki huteleza, na gari halimsubiri mtu atoke.

3. Tafuta nati ya kumwagia oili ya gia boksi. Hapa ndipo wengi hukosea: hufungua nati ya gia boksi wakidhani ni ya injini, kisha huongeza oili kwenye injini iliyojaa. Ukiwa na shaka, mwombe fundi akuonyeshe mara ya kwanza.

4. Fungua nati na uache oili itoke yote inayoweza kutoka. Ipime kwa zile chupa. Kwetu hutoka kama lita 3. Vumbi laini la chuma kwenye nati ni la kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, gia boksi inakwisha.

5. Weka pete mpya, funga nati kwa kiasi bila kuilazimisha, kisha ushushe gari.

6. Mimina oili mpya kupitia tundu la kijiti, kiasi kile kile kilichotoka. Kisha washa injini na upime kama nilivyoeleza. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo. Usizidishe, kwani oili iliyozidi hutoa povu, na povu haliwezi kusukuma gia.

7. Endesha gari taratibu, rudi, chungulia chini kama kuna matone, kisha upime tena.

Fahamu kwamba oili yote haitoki kwa mara moja. Gia boksi yetu hubeba zaidi ya lita 6, kwa hiyo nusu hivi hubaki ndani. Ndiyo sababu sisi hurudia kazi hii baada ya wiki chache, ili oili ya zamani iendelee kupungua.

WATOTO NA OILI CHAFU

Siku ya kazi hii watoto wadogo wasiwe karibu na gari. Oili iliyotoka usiiweke kwenye chupa ya soda na kuiacha jikoni, maana mtoto anaweza kuinywa. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji inakokusanywa. Usiimwage chini, hasa katika mji huu ambako ndoo ya maji safi ni mali. Wala oili chafu si dawa ya mapunye au vidonda, kama wengine wanavyodhani. Ina sumu, na haifai kupakwa kwenye ngozi ya mtoto wala ya mtu mzima.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Kazi hii haifai kila gari. Magari mengine hayana kijiti. Oili yake hupimwa kwa kufungua nati ya pembeni ikiwa katika kiwango maalumu cha joto. Mengine yana gia boksi ya mkanda, iitwayo CVT, inayotaka oili yake ya pekee. Hayo mpelekee fundi anayeyajua. Kubadilisha chujio la ndani nako kunahitaji kufungua sahani yote ya chini, hivyo mwachie fundi.

Tena, gari likiwa limekwisha kuanza kuteleza au kuchelewa kushika gia, usitegemee kwamba oili mpya italiponya. Oili hulinda gia boksi nzima, haifufui iliyokufa.

Hata ukiwa na fundi mwema, usimwachie ufunguo ukaondoka. Nunua oili mwenyewe, mwonyeshe maandishi ya kwenye kijiti, na usimame pale mpaka amalize. Kwa heshima mwulize, "Fundi, uliyotoa ni lita ngapi?" Fundi mzuri hatachukia swali hilo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tuliujenga kwa mahindi na cherehani. Siku hizi, ndani ya daftari langu la matumizi ya nyumbani, baada ya bei ya unga na tarehe za kliniki ya mtoto, nina ukurasa wa gari: aina ya oili, tarehe tuliyobadilisha na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Cherehani nilinunua nyingine mwaka uliofuata.

Basi mama, leo jioni mwenzio akiegesha gari, mwombe afungue boneti. Chomoeni kijiti pamoja, mkifute, na msome yaliyoandikwa.